Ardhi ya Mafunjo Inapotitia: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Kwenye Udongo wa Piti

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote katika kazi hii ni moja: "Mhandisi, tulete tripu ngapi za moramu?"

Mara ya mwisho aliyeuliza alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja mkoani Kagera. Tulikuwa tumesimama juu ya barabara inayokatiza bonde la mafunjo. Kila masika yakiisha barabara inakuwa imeshuka, na kila mwaka moramu inaletwa, inasambazwa na kushindiliwa. Sikumjibu. Niliomba vijana wanne wenye sululu na makoleo wachimbe shimo katikati ya barabara, pana juu na lenye ngazi pembeni ili lisiwaangukie. Tulitegemea kukuta moramu ya sentimita 40, pengine 50. Tulichimba mita 1.9, tukichota maji kwa ndoo, ndipo tukagusa udongo wa asili. Ukuta wa shimo ulikuwa umeandika historia yote: tabaka jekundu, mstari mwembamba wa tope jeusi, tabaka jekundu tena. Kwenye mita 1.2 ikachomoza ndala ya mtoto, iliyofukiwa na greda mwaka mmojawapo. Barabara ile ilikuwa imezamishwa na ukarabati wake wenyewe.

Mwenyekiti aliitazama ile ndala muda mrefu. "Kumbe tumekuwa tunailisha," akasema.

Ndivyo ilivyo. Kwenye udongo wa aina hii, karibu kila tatizo lina mzizi katika mambo mawili: uzito ulioongezwa juu, au maji yaliyoondolewa chini. Kabla ya kuagiza chochote, tafuta kwanza ni lipi kati ya hayo mawili, au kama ni yote kwa pamoja.

Kwanza hakikisha ni piti

Piti ni mabaki ya mimea yaliyolundikana kwenye maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza yakaisha, kwa sababu maji yanazuia hewa. Wanyarwanda huiita nyiramugengeri, na huko Gisagara na Rusizi ilijengewa mitambo ya kuichoma kuzalisha umeme. Ipo kwenye mabonde ya mafunjo kuanzia Kagera hadi Burundi na kusini-magharibi mwa Uganda. Kwenye bonde la kati la Kongo, wanasayansi mwaka 2017 walionyesha kuwa imetanda eneo la takriban kilomita za mraba 145,500.

Kosa la kwanza ninalolikuta ni kuichanganya na udongo mweusi wa mbuga, ule mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Yote miwili ni myeusi, yote inasumbua majengo, lakini tiba zake ni mbali kabisa. Chokaa inautuliza vizuri mfinyanzi wa mbuga kwa sababu inapata madini ya kushikana nayo. Kwenye piti madini hayo karibu hayapo, na chokaa yako inaishia kuwa tope jeupe ndani ya tope jeusi. Nimeona mtu akimwaga malori mawili ya chokaa kwenye kiwanja cha piti kwa ushauri wa fundi aliyefanikiwa kwenye mbuga. Fundi hakuwa mjinga, alikuwa anatibu ugonjwa mwingine.

Mkono wako unatosha kuanzia. Chimba nusu mita au zaidi, chota udongo ujaze kiganja, ufumbate, ukamue taratibu. Angalia kinachotoka kati ya vidole. Yakitoka maji meupe au ya rangi ya chai ya rangi, na mkononi kikabaki kitu kama katani iliyolowa ambayo bado unaona majani na mizizi yake, hiyo ni piti changa yenye nyuzi. Likitoka tope zito na kubaki nusu ya ulichofumbata, imeoza kiasi. Ikipenya yote kati ya vidole kama uji mzito na kiganja kikabaki kitupu, imeoza kabisa. Kipimo hiki kina ngazi 10, na kilipangwa na Mswidi Lennart von Post miaka ya 1920. Mpaka leo kinatumika, maana kinakuambia jambo la muhimu: piti ya nyuzi ina nguvu kiasi lakini inabanwa sana na haraka, na iliyooza ina nguvu kidogo na hutoa maji polepole.

Halafu pima maji. Weka udongo kwenye kopo, upime, ukaushe kwenye oveni ya maabara, upime tena. Usishtuke namba ikivuka asilimia 100. Asilimia 600 maana yake ni kwamba kila kilo moja ya udongo mkavu ilikuwa imebeba kilo 6 za maji, na kwa piti hilo ni jambo la kawaida. Fikiria unachojenga juu yake: ni maji yaliyoshikiliwa na nyuzi.

Mwisho, tafuta kina. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 6, muisukume watu wawili kwa mikono mpaka ikatae. Fanya hivyo kila baada ya mita 5, uandike kwenye mchoro. Sakafu ya bonde ina umbo la bakuli. Kona moja ya kiwanja inaweza kuwa na mita moja ya piti na kona ya pili mita 4. Tofauti hiyo ndiyo inayopasua nyumba, kuliko hata kina chenyewe. Maabara wakileta kile chombo cha mapanga manne kinachozungushwa ardhini, waulize kama wamepunguza namba zao: kwenye piti ya nyuzi, nyuzi hujisokota kwenye mapanga na kipimo kinasema udongo una nguvu isiyokuwepo.

Dalili: barabara inashuka, inajazwa, inashuka tena

Hesabu yake ni fupi. Moramu iliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2 kwa mita ya ujazo. Ukiongeza sentimita 30, umeweka kilo 600 juu ya kila mita ya mraba. Piti laini ina nguvu ya kukataa kukatika ya kilopaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 5 hadi 20 hivi. Ikiwa yako ni 6, tuta la karibu mita moja na nusu linatosha kuivunja kabisa. Na kabla haijavunjika inabanwa: si ajabu tabaka la mita 4 kupungua zaidi ya mita nzima chini ya tuta la mita moja.

Kushuka huko kuna awamu mbili. Kwanza maji yanakamuliwa, jambo la wiki au miezi. Kisha nyuzi zenyewe zinaendelea kulegea na kujipanga upya, polepole, miaka na miaka. Awamu hii ya pili ndiyo inayowachanganya watu. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kiasi kinachoshuka kati ya mwezi wa 1 na wa 10 kinakaribiana na kile kitakachoshuka kati ya mwezi wa 10 na wa 100. Kwa hiyo barabara iliyotulia miezi sita haijamaliza safari. Na kila unapoongeza moramu, unaanzisha awamu ya kwanza upya.

Cha kufanya ni kupima kabla ya kugusa. Piga msumari kwenye mwamba au zege lililo mlimani, nje kabisa ya bonde, liwe ndilo rejea yako. Nimeona watu wakipima kushuka kwa barabara kwa kutumia kigingi kilichosimikwa kwenye piti ileile. Kigingi na barabara vinashuka pamoja na daftari linasema kila kitu ni salama. Kisha weka mabamba ya chuma ya sentimita 50 kwa 50, yenye bomba wima, chini ya tuta, na usome kimo cha bomba kila wiki. Huna mashine ya kupimia? Mpira wa maji wa mafundi unatosha, mradi asome mtu yuleyule na uondoe mapovu yote ndani yake.

Tiba tuliyotumia kule Kagera mimi huiita mzigo wa kukopa. Unaweka uzito mkubwa kuliko utakaobaki, unauacha piti ibanwe kwa miezi, kisha unaurudisha ulikotoka. Hapo mwenyekiti aliniuliza, na alikuwa na haki: "Si ulisema tusiongeze?" Tofauti iko kwenye kurudisha. Udongo uliowahi kubeba mzigo mzito ukipunguziwa, mwendo wake hupoa sana. Ukiachiwa mzigo uleule, unaendelea kushuka. Tulipanua kwanza mabega ya tuta pande zote mbili ili lisikatike, tukapandisha sentimita 60 katika awamu mbili kiangazi kilipoanza, tukasubiri. Wiki ya kwanza bamba la kati lilishuka sentimita 9. Mwezi ulipotimia jumla ilikuwa 17, mwezi wa tatu 22, mwezi wa saba 25. Tulipoona mstari wa vipimo umelala, tukaondoa sentimita 35 za juu, usawa ukabaki palepale ulipotakiwa, na moramu iliyotoka ikaenda kwenye barabara ya mlimani. Mwaka uliofuata bamba lilishuka sentimita moja.

Usipokuwa na miezi saba, punguza uzito. Wanorwei walianza mwaka 1972 kujaza matuta kwa vitalu vya povu la plastiki vyenye kilo 20 hivi kwa mita ya ujazo, karibu mara mia chini ya moramu. Kwetu vitalu hivyo ni ghali, lakini aliye karibu na Kisoro, Musanze au Goma ana mawe mepesi ya volkano, yale mekundu na meusi yenye matundu. Kila tani usiyoiweka ni sentimita usizozipoteza. Angalia tu kitu chepesi kisielee mafuriko yakija. Lazima juu yake pawe na uzito wa kukikandamiza.

Dalili: ufa mrefu katikati ya tuta, na mafunjo ya pembeni yameinuka

Hii ni ya dharura. Simamisha malori saa hiyohiyo.

Ufa unaofuata urefu wa barabara, upande mmoja umeshuka na chini ya tuta ardhi imefura na kuinua mashina ya mafunjo, maana yake piti inakatika na kuteleza kwenda pembeni. Chanzo karibu kila mara ni haraka: tuta limepandishwa kwa siku chache, maji ndani ya piti hayajapata pa kwenda, yamebeba mzigo badala ya udongo. Chanzo cha pili ni mtaro uliochimbwa kwenye nyayo za tuta, ukakata kile kilichokuwa kinalizuia lisitoke nje.

Usizibe ufa kwa moramu, utakuwa unasukuma kinachoanguka. Toa uzito juu, uuhamishie pembeni, mahali palipofura, uwe bega la kukandamiza. Fukia mtaro. Subiri, pima, na ukianza tena panda kwa tabaka la sentimita 30, ukiliacha kila tabaka litulie kabla ya linalofuata.

Kinga yake ni kazi ya siku ya kwanza, na hapa nina neno kwa madereva wa kijiko. Kazi ya kwanza anayopewa dereva ni "kusafisha" bonde, naye anang'oa mafunjo na mkeka wote wa mizizi. Mkeka ule ndio kitu chenye nguvu kuliko vyote mahali pale. Kata mashina usawa wa ardhi, mizizi iache. Juu yake tandaza jiotekstaili, kitambaa kigumu cha ujenzi, na chini ya kitambaa hicho, kama piti ni laini mno, panga mianzi au fito kwa kupishanisha. Ni ujuzi wa zamani: George Stephenson alipovusha reli ya Liverpool na Manchester juu ya kinamasi cha Chat Moss, Uingereza, alitandika matita ya matawi na majani, tuta likakaa juu yake kama chelezo. Reli ilifunguliwa mwaka 1830, na treni zinapita hapo hadi leo.

Dalili: umechanganya saruji, imekataa kushika

Umechimba, umechanganya na saruji kama ulivyofanya kwenye udongo mwekundu, wiki mbili zimepita na bado unabonyea kwa kidole gumba. Usikimbilie kusema saruji ilikuwa mbovu. Mara nyingi ni mojawapo ya sababu hizi, na mara nyingi zaidi ni zote.

Kwanza, asidi za mboji. Zinaikamata chokaa inayotoka kwenye saruji kabla haijajenga vifungo, na kuzifunika chembe za saruji zisishike. Lazima uweke saruji ya kutosha kwanza kushibisha asidi. Kinachozidi ndicho kinachofanya kazi. Chini ya kizingiti hicho ni kana kwamba hujaweka kitu, na hapo ndipo watu wengi wanapoangukia, maana wanatumia asilimia 5 au 8 waliyozoea kwenye moramu.

Pili, maji. Mita moja ya ujazo ya piti inaweza kuwa na zaidi ya kilo 850 za maji. Fikiria zege lenye maji kiasi hicho.

Tatu, hakuna mifupa. Udongo wa kawaida una mchanga na chembe ngumu ambazo saruji inaziunganisha, piti ina nyuzi laini tu. Kuongeza mchanga kwenye mchanganyiko husaidia kuliko wengi wanavyoamini.

Nne, mfuko wenyewe. Soma namba ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Saruji ya 32.5 yenye pozolana (unga wa mawe ya volkano au majivu) ni nzuri kwa kujengea tofali, lakini hapa inachelewa mno. Anza na 42.5.

Wafini, ambao wamefanya kazi hii kwa mashine za kuchanganyia ardhini tangu miaka ya 1990, hutumia kilo 150 hadi 250 kwa mita ya ujazo, na mara wanapomaliza kuchanganya huweka juu tuta la nusu mita hadi mita moja ili mchanganyiko ubanwe wakati unashika. Kubana huko si pambo. Ukiuacha mchanganyiko ulegee, saruji itashika ikiwa imezungukwa na maji, na utapata sifongo ngumu.

Usifanye uwanjani kabla hujafanya kwenye bomba. Kata vipande vya bomba la plastiki la inchi 4, vyenye urefu wa sentimita 30. Chukua piti ya kiwanja chako, kutoka kina utakachochanganya, si ile ya juu iliyokauka. Tengeneza mchanganyiko wa kilo 150, 200 na 250, na mwingine wa 200 wenye mchanga. Jaza, weka kitambaa na changarawe chini ili maji yatoke, juu weka jiwe la kilo 14 au 15, simamisha kwenye beseni la maji ya palepale bondeni. Maji ya bomba yatakudanganya, hayana asidi ile. Fungua siku ya 7, ya 28 na, ukiweza kuvumilia, ya 90. Bonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa ncha ya nondo, halafu vinavyofaa vipeleke maabara vikavunjwe kwa mashine.

Kisha piga hesabu ya mifuko kabla hujafurahi. Kilo 200 ni mifuko 4 kwa mita ya ujazo. Nyumba ya mita 10 kwa 12 juu ya piti ya mita 3 ni mita za ujazo 360: mifuko 1,440 kabla hujaweka tofali la kwanza. Kwa nyumba ya kuishi ya kawaida, mara nyingi hapo ndipo ninapomwambia mwenye kiwanja ukweli mgumu kwamba saruji si njia yake.

Dalili: umechimba mtaro kukausha kiwanja, na sasa kinashuka zaidi

Inauma kumwambia mtu hili, kwa sababu alitumia akili: ardhi imelowa, basi ikaushe. Lakini maji yale yalikuwa yanabeba. Ukishusha maji mita moja, umeongeza kwenye piti ya chini mzigo wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba, sawa na kumwaga nusu mita ya moramu, na hukuumwaga kwenye kiwanja chako peke yake. Umeumwaga kwa jirani, kwenye barabara, kwenye nguzo ya umeme. Nimeshuhudia nyumba iliyokaa salama miaka ikipasuka kwa sababu ya mtaro wa kiwanja cha tatu kutoka kwake.

Halafu piti iliyoanikwa inaanza kuoza kweli, kwa kuwa sasa hewa imeingia. Inapotea kama gesi. Kule Holme, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1851 walisimika nguzo ya chuma kichwa chake kikiwa sawa na ardhi, kabla ya kukausha ziwa na kinamasi. Leo kichwa hicho kiko mita 4 hivi juu ya ardhi, na nguzo haijapanda.

Chunguza hivi: chimbia bomba la plastiki lenye matundu mita 2 chini, uwe unasoma usawa wa maji kila wiki. Kama maji yameshuka tangu mtaro uchimbwe na nyufa zilianza baadaye, chanzo unacho. Tiba ni kurudisha maji: ziba mtaro kwa vizuizi vya udongo na mbao kila baada ya mita kadhaa mpaka usawa urudi. Piti iliyokwisha shuka haitapanda, ila utakuwa umeisimamisha. Maji ya mvua yatolewe kwa mifereji ya juujuu, isiyoshuka chini ya usawa wa kawaida wa maji ya bonde.

Dalili: nyumba imepasuka au imeinama

Soma ufa kabla ya kuuziba. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ncha za nyumba zinashuka na katikati pamesimama. Ukiwa mpana chini, katikati ndipo panapotitia. Ukipanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali kuelekea kona moja, kona hiyo ndiyo inayoondoka. Nenda na nondo yako ukapime kina cha piti hapo. Kwenye mabonde yetu kisa cha kawaida ni nyumba iliyokaa nusu kwenye mguu wa mlima na nusu kwenye mafunjo. Nusu moja haina pa kwenda, ya pili inasafiri.

Bandika plasta nyembamba kuvuka ufa, andika tarehe juu yake. Plasta isipopasuka miezi kadhaa, masika na kiangazi, ufa umelala na unaweza kuzibwa. Ikipasuka wiki ya pili, kuziba ni kupoteza pesa. Tafuta uzito uliongezeka wapi: kifusi cha kuinua uwanja, ukuta wa uzio, ghorofa, rundo la tofali la kiwanda cha jirani.

Kwa nyumba ambayo haijajengwa, jamvi zito la zege chini ya nyumba yote lenye mikanda mirefu linasaidia nyumba ishuke kwa pamoja, haliizuii kushuka. Punguza kuta, tumia mabati na mbao panapofaa, na ikate nyumba mbili zenye nafasi kati yake pale piti inapoanza.

Dalili: jengo limesimama, ardhi ndiyo imeondoka

Nguzo zilizofika kwenye udongo mgumu zimeshika, lakini kizingiti cha mlango sasa kinahitaji ngazi mbili, chini ya sakafu unaingiza mkono, na bomba la maji taka limekatika pale linapotoka ukutani. Mji wa Sibu, Sarawak, nchini Malaysia, unajulikana kwa jambo hili. Jengo halina kosa, waliolizunguka kwa kifusi ndio wenye kosa. Na kifusi kile kinaposhuka kinaning'inia kwenye nguzo na kuzivuta chini, kwa hiyo kuongeza kingine kusawazisha uwanja ni kuzitwika nguzo mzigo ambao hakuna aliyeukadiria.

Funga mabomba kwenye sakafu yabaki na jengo, yasishuke na ardhi, na pale yanapotoka weka viungo vinavyocheza. Bamba la kuingilia liegemee jengo kwa upande mmoja, liweze kuinama. Kule Uganda, barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe ilipofika kinamasi cha Nambigirwa ilipitishwa juu ya daraja la takriban mita 1,450. Ni gharama kubwa, na bado kwa kina fulani cha piti ni uamuzi ninaouheshimu.

Dalili: tangi la maji taka limeibuka

Lilinyonywa likiwa limezungukwa na maji, likawa mtumbwi. Lisinyonywe lote masika, na linapojengwa upya lipewe kitako kipana cha zege ambacho udongo wa juu utakikalia.

Ukiamua kuitoa yote

Piti isiyozidi mita 3 au 4, kwenye eneo dogo, mara nyingi ni nafuu kuichimba na kujaza mawe, kisha mchanga au changarawe. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi, kama sheria inaruhusu kujenga hapo. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na viwanja vingi vya mafunjo vinavyouzwa kwa bei ya chee vimo ndani ya mita hizo. Uliza kabla ya kulipa.

Chimba kwa vipande vifupi, ujaze kipande kabla ya kufungua kingine, maana kuta za piti hazisimami. Toa mpaka chini kabisa. Kipande cha nusu mita kilichoachwa chini ya kifusi ni ugonjwa uliozikwa hai. Mtu asishuke shimoni kuokota koleo: gesi za kinamasi hukaa chini, nyingine hazinuki, na anayeanguka humvuta anayemfuata kumwokoa.

Na rundo la piti iliyotoka lisikae ukingoni mwa shimo, uzito wake utaangusha ukuta. Lisiachwe likauke pia. Piti kavu ikishika moto huungua ndani kwa ndani, chini ya ardhi, wiki nyingi, bila mwali wa kuonekana, na ndoo za maji haziufikii. Indonesia mwaka 2015 iliungua zaidi ya hekta milioni 2, karibu theluthi yake ikiwa ardhi ya piti, nyingi iliyokaushwa kwa mitaro. Ipakie ingali imelowa, irudishwe kwenye sehemu ya bonde iliyochimbwa zamani, chini ya usawa wa maji, na mkeka wa mafunjo uwekwe juu yake.